Maswali ya Wasomaji: Bimu, Boriti na Kibaraza Kinachoning'inia

Barua za safari hii zimetoka Tanga mjini, Muheza na Pangani. Nyingine ni za wanafunzi wa uhandisi ujenzi, nyingine za mafundi, na moja ya mwenye nyumba. Nyingi zina shida moja: hesabu zipo, lakini aliyezifanya hajafuatilia uzito unapita wapi mpaka ufike ardhini. Weka kalamu na kikokotoo karibu, maana majibu yana namba.

Shikamooni. Niko mwaka wa kwanza. Kila nikitafuta kani za maegemeo ya bimu napata jibu moja, nikirudia napata jingine. Halafu wenzangu wanasema momenti kubwa ya kupinda siku zote iko katikati ya bimu. Ni kweli?
*Mwanafunzi, Chumbageni*

Marahaba. La pili si kweli, na tutalionyesha. La kwanza karibu kila mara linatokana na mchoro, si kikokotoo.

Chukua bimu ya mita 5. Kushoto, kwenye A, kuna egemeo la pini, na kulia, kwenye B, kuna egemeo la rola. Bimu inabeba mzigo uliosambaa sawasawa wa kN (kilonyutoni) 12 kwa kila mita, uzito wake wenyewe ukiwemo. Mita 2 kutoka A kuna mguu wa jukwaa la tanki unaokandamiza kwa kN 20.

Chora bimu peke yake. Futa ukuta, futa nguzo, futa kila kinachoishika, na kila ulipofuta weka mshale wa kani iliyokuwa ikitoka hapo. Pini inakupa mishale miwili, wa wima na wa ulalo. Rola inakupa mmoja. Egemeo lililokazwa kabisa ndani ya ukuta linakupa miwili pamoja na momenti. Wanafunzi wengi huacha ukuta kwenye mchoro halafu wakauongezea mshale, na hapo ndipo majibu mawili yanapozaliwa: safari hii kani imehesabiwa, safari ijayo imesahaulika.

Sasa pima momenti, yaani kani mara umbali wake (mkono), kuzunguka A. Tumechagua A ili kani ya A isiwe na mkono, itoke kwenye mlinganyo. Mzigo uliosambaa jumla yake ni 12 × 5 = kN 60, na kitovu chake kiko mita 2.5 kutoka A. Kwa hiyo B × 5 = 60 × 2.5 + 20 × 2 = 190, na B ni kN 38. Jumla ya mizigo ni kN 80, basi A ni kN 42. Usiishie hapo. Pima tena kuzunguka B: 42 × 5 = 210, na upande wa pili 60 × 2.5 + 20 × 3 = 210. Zimekubaliana. Ukaguzi huu unachukua nusu dakika, na anayeuruka anastahili alama anazopoteza.

Kilele cha momenti kiko pale kani mkato, yaani jumla ya kani za wima upande mmoja wa mahali unapokata, inapovuka sifuri. Anza na kN 42 kwenye A. Ukifika mita 2 umeshapoteza 12 × 2 = 24, umebaki na 18. Mguu wa tanki unakunyang'anya 20, unakuwa na −2. Umevuka sifuri, basi kilele ni hapo chini ya mguu, si katikati. Thamani yake ni 42 × 2 − 24 × 1 = kNm 60. Ukitaka kuhakikisha, pitia kulia: 38 × 3 − 36 × 1.5 = 60. Katikati, kwenye mita 2.5, utapata 57.5. Wenzako wameizoea bimu yenye mzigo uliosambaa peke yake, ambayo kwayo kauli yao ni sahihi, wakaieneza kwa kila bimu.

Kuna kosa moja la kuliangalia kwa karibu. Kwenye kutafuta kani za maegemeo unaruhusiwa kuukusanya mzigo uliosambaa kuwa kani moja ya kN 60 katikati. Kwenye kutafuta momenti ya ndani huruhusiwi, mpaka uwe umeshaikata bimu kwanza. Ukiikata kwenye mita 2 huku kN 60 yote ukiiacha imekaa kwenye mita 2.5, kushoto utaona 42 × 2 = 84 na hakuna cha kupunguza. Umepata 84 badala ya 60, na hakuna mstari wa hesabu utakaokuambia umekosea. Kata kwanza, kisha kusanya kile tu kilichobaki upande wako.

Jingine dogo: tanki limeandikwa lita 1,000, maana yake maji ya kilo 1,000, yaani kN 9.81 na si 1,000. Kilo ni tungamo. Kani inapatikana baada ya kuzidisha kwa 9.81 na kugawa kwa 1,000 ili iwe kN.

Mkazo na uwiano wa kurefuka vinanichanganya. Kwa nini kimoja kina kizio na kingine hakina?
*Mwanafunzi, Muheza*

Mkazo ni kani iliyogawanywa kwa eneo linaloibeba. Uwiano wa kurefuka ni urefu ulioongezeka uliogawanywa kwa urefu wa mwanzo, milimita kwa milimita, ndiyo maana vizio vinakatana. Vuta nondo ya mm 12 yenye urefu wa mita 3 kwa kN 20. Eneo lake ni mm² 113, mkazo ni 20,000 ÷ 113 = N/mm² 177. Moduli ya Young ya chuma, yaani kipimo cha ugumu wa chuma chenyewe, ni karibu N/mm² 200,000, kwa hiyo uwiano ni 177 ÷ 200,000 = 0.00088, na nondo inarefuka mm 2.65 hivi. Ukiachia, inarudi, kwa sababu 177 bado iko chini ya kiwango ambacho chuma cha nondo huanza kurefuka bila kurudi. Fanya kazi kwa nyutoni na milimita tangu mwanzo mpaka mwisho. Anayechanganya sentimita katikati ya hesabu hukosea kwa mara 100 au 10,000, na majibu ya namna hiyo tunayaona sana.

Mbao ya mbili kwa sita nikiilaza inanepa sana, nikiisimamisha ni ngumu. Mbao ni ile ile. Nataka kujua kitaalamu, si kwa mazoea tu.
*Fundi seremala, Mabawa*

Habari za kazi, fundi. Mbao ikipinda chini ya mzigo, nyuzi za juu zinagandamizwa na za chini zinavutwa. Katikati kuna mstari ambao hauvutwi wala haugandamizwi. Nyuzi zilizo mbali na mstari huo ndizo zinazofanya kazi kubwa, na zilizo karibu nao zimekaa tu. Ukiisimamisha mbao, umezipeleka nyuzi nyingi mbali na mstari.

Kwa umbo la mstatili ugumu unafuata upana × kimo³ ÷ 12. Tuchukue mm 50 kwa 150. Ikisimama ni 50 × 150³ ÷ 12, takriban mm⁴ milioni 14.1. Ikilala ni 150 × 50³ ÷ 12, takriban milioni 1.56. Ugumu umetofautiana mara 9. Uwezo wa kubeba bila kuvunjika unafuata upana × kimo² ÷ 6, nao unatofautiana mara 3 tu. Hizi ni namba mbili zenye kazi mbili: moja inasema mbao itanepa kiasi gani, nyingine inasema itavunjika lini. Mbao inaweza isivunjike na bado isifae, kwa kuwa dari lililo chini yake limepasuka.

Mstari huo wa katikati uliwasumbua wakubwa. Mwaka 1638 Galileo aliandika kuhusu boriti iliyochomekwa ukutani, akachukulia kwamba nyuzi zote zinavutwa sawasawa na kwamba boriti inageukia kwenye ukingo wake wa chini. Kwa hesabu yake mstatili unabeba mara 3 ya hesabu ya leo. Lakini kwamba kimo kina nguvu kuliko upana, na kwamba nguvu inakwenda na kimo kwa kipeo cha pili, hilo alilipata.

Tahadhari: mbao nyembamba iliyosimama hupenda kuanguka ubavu au kujinyonga ikizidiwa. Piga vipande vya mbao kati ya moja na nyingine kwenye maegemeo, na kwenye masafa marefu ongeza vingine katikati. Pia pima mbao yenyewe kwa tepu. Ikisharandwa, au msumeno ukila pembeni, kimo cha 150 kinaweza kuwa 140, na hapo umepoteza karibu asilimia 19 ya ugumu.

Nyumba yetu ya urithi ni ya mawe, dari ni la boriti za mikoko na chokaa. Vyumba vyote vina upana wa mita 2.8 hivi. Chumba cha nyuma kimeanguka na vijana wanataka kukijenga upya kiwe mita 4, kwa boriti za unene ule ule. Fundi anasema tuzibananishe tu. Mnasemaje?
*Mzee wa Pangani*

Shikamoo mzee. Waliojenga nyumba hizi za mawe mwambao mzima, kuanzia Tongoni na Pangani mpaka kaskazini huko, hawakukosa mawe ya kujengea chumba kipana. Upana uliamuliwa na boriti. Katika madaraja ya ukubwa wa miti ya mikoko, fito, pau, mazio, boriti, ile inayoitwa boriti hasa ina kipenyo cha sentimita 12 hadi 14 hivi, na urefu unaofaa kazi hauzidi sana upana wa chumba chako pamoja na kina cha kuingia ukutani pande mbili.

Tufanye hesabu kwa vipimo vya kukadiria. Dari la mawe na chokaa lenye unene wa sentimita 25 tulipe kN 4.5 kwa mita ya mraba. Boriti za sentimita 12 zikipangwa kila sentimita 30, kila moja inabeba kN 1.35 kwa mita. Kwa mita 2.8 momenti ni 1.35 × 2.8² ÷ 8 = kNm 1.32, na mkazo kwenye mti ni karibu N/mm² 7.8. Kwa mita 4 momenti ni kNm 2.7 na mkazo karibu 16. Umeongeza upana kwa asilimia 43, mkazo umezidi maradufu, kwa sababu momenti inakwenda na kipeo cha pili cha upana.

Mnepo ndio mbaya zaidi, maana wenyewe unakwenda na kipeo cha nne. Tukichukua moduli ya mti kuwa N/mm² 10,000, boriti ya mita 2.8 itanepa kama mm 11. Ile ya mita 4 itanepa mm 44, na huo ni mnepo wa siku ya kwanza tu. Mti unaobeba mzigo mzito usioondoka huendelea kunepa polepole miaka na miaka, na chokaa haipindi: inapasuka, mvua inaingia, ncha za boriti zinaoza ndani ya ukuta.

Sasa ushauri wa fundi. Ukizipanga kila sentimita 15 badala ya 30, mzigo wa kila boriti unakuwa nusu, mkazo unarudi karibu na 8. Hapo fundi amesema kweli. Lakini mnepo unashuka hadi mm 22 tu, bado mara mbili ya ule wa zamani. Na boriti za sentimita 12 kila sentimita 15 zimebakiza nafasi ya sentimita 3, yaani umenunua miti maradufu. Tena mikoko ni misitu ya hifadhi, haikatwi bila kibali.

Kama lazima chumba kiwe mita 4, pitisha bimu moja chini ya boriti, katikati ya upana, ili kila boriti ibaki na mita 2. Mtiki wa shamba la miti la Longuza unafaa, au chuma kilichopakwa rangi vizuri kwa ajili ya hewa ya chumvi. Lakini angalia bimu hiyo inaupeleka wapi mzigo. Tuseme chumba kina urefu wa mita 5. Bimu inakusanya 4.5 × 2 = kN 9 kwa mita, jumla kN 45, na kila ncha inakandamiza ukuta kwa kN 22.5, bila kuhesabu watu kama juu panakaliwa. Ncha ikikaa kwenye eneo la mm 100 kwa 100, ukuta unapata N/mm² 2.25 mahali pamoja. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ni mnene, unapenda mzigo uliotandazwa, haupendi kuchomwa hivyo. Weka chini ya kila ncha kitako cha zege cha mm 300 kwa 300, mkazo ushuke hadi 0.25. Kina cha kitako kisipungue mm 150, la sivyo chenyewe kitavunjika katikati.

Niko mafunzo kwa vitendo kwenye nyumba ya ghorofa, Sahare. Fundi mkuu anaweka nondo za kibaraza kinachoning'inia chini, kama za slebu ya ndani. Nikimwambia ziende juu ananijibu kwamba vitabu na saiti ni vitu viwili, na kwamba vibaraza vyake vyote vimesimama.
*Mwanafunzi, Sahare*

Uko sahihi, na fundi wako anasema kweli kwamba vimesimama. Mambo haya mawili yanaweza kwenda pamoja, na hapo ndipo hatari ilipo.

Zege linastahimili kugandamizwa, lakini likivutwa uwezo wake ni kama sehemu moja ya kumi. Nondo zinawekwa pale zege linapovutwa. Slebu iliyoshikwa pande zote mbili inanepa katikati, tumbo lake linavutwa, nondo zinakaa chini. Kibaraza kimeshikwa upande mmoja tu, kinataka kuinama kutokea ukutani, na kinachofunguka ni mgongo wake. Mwonyeshe fundi kwa kipande cha sponji ya godoro: chora mistari ya wima ubavuni kwa kalamu, shika ncha moja kwa nguvu mezani, bonyeza ncha nyingine. Mistari inaachana juu, inabanana chini. Onyesho hilo halihitaji kitabu.

Tuchukue kibaraza cha mita 1.5, unene mm 150, nondo za mm 12 kila mm 150, zege la N/mm² 25, chuma cha N/mm² 460, na biskuti (vipande vya zege vya kuitenga nondo na uso) za mm 25. Kina cha kazi, yaani kutoka uso wa chini wa zege hadi katikati ya nondo za juu, ni 150 − 25 − 6 = mm 119. Kwa vipimo hivyo kila mita ya kibaraza inaweza kubeba momenti ya usanifu ya karibu kNm 32.

Mzigo: uzito wake 0.15 × 25 = 3.75, lipu na vigae 1.25, jumla kN 5 kwa mita ya mraba. Watu, kN 4. Ukizidisha kwa viwango vya usalama, 1.4 kwa uzito wa kudumu na 1.6 kwa watu, unapata 13.4. Momenti ukutani ni 13.4 × 1.5 × 0.75 = kNm 15.1. Ukuta mfupi wa tofali kwenye ncha tuuchukulie kN 3 kwa mita, mara 1.4, kwa mkono wa mita 1.425, unaongeza 6. Jumla 21.1. Uwezo ni 32, kwa hiyo kibaraza kiko salama.

Nondo zikiwa chini, hazisaidii kitu pale juu panapofunguka. Kinachobeba ni zege tupu. Zege zuri lisilo na ufa hupasuka likivutwa kwa kupindwa kwa karibu N/mm² 3, na kwa unene huu hiyo ni kNm 11 hivi. Sasa tazama mzigo halisi bila kuzidisha kwa viwango vya usalama. Uzito wa kibaraza na ukuta wake ni kNm 9.9. Pungufu ya 11! Mirunda inatolewa, kibaraza kinasimama, fundi analipwa. Kikijaa watu, momenti inafika 14.4. Zege tupu halinepi kwanza likakuonya. Linakatika. Kwa hiyo vibaraza vyake vimesimama kwa sababu havijawahi kujaa, au havijapata ufa wa kukauka mahali pabaya.

Kuziweka juu peke yake hakutoshi. Siku ya kumwaga, vijana wa karai wanakanyaga nondo za juu na kuzishusha bila mtu kuona. Zikishuka mm 50, kina cha kazi kinakuwa 69 na uwezo unaporomoka hadi karibu kNm 17, chini ya 21.1 tunayohitaji. Kwa hiyo dai mambo haya kabla zege halijaanza kuzungushwa. Viti vya nondo ya mm 10 viwekwe kila sentimita 80 hivi. Mbao za kupitia zikae juu ya magogo yake zenyewe na si juu ya nondo. Na awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kupima kwa kijiti kadiri zege linavyomwagwa. Nondo za juu ziingie ndani ya slebu ya chumba angalau mara 1.5 ya urefu wa kibaraza, hapa mita 2.25, zifungwe vizuri. Zikikatwa pale pale juu ya ukuta ni kama hazipo.

Mirunda ibaki siku 28, na ukiitoa anza kwenye ncha ukielekea ukutani. Ukianza ukutani na kuuacha mrunda wa nchani, kibaraza kinageuka slebu iliyoshikwa pande mbili, tumbo linavutwa, na chini hakuna nondo za kutosha.

Kuhusu mchanga: saiti ikiwa karibu na bahari hivyo, usikubali mchanga wa ufukweni hata ukioshwa kwa ndoo mbili tatu. Chumvi inakula nondo, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, na zege linabanduka kutoka ndani.

Mirunda yangu ni minene ya kutosha lakini mmoja ulipinda na kukatika wakati wa kumwaga slebu, na uzito haukuwa mkubwa. Kwa nini?
*Fundi, Pongwe*

Haukupondeka, ulibetuka. Kitu kirefu chembamba kinachogandamizwa huchepuka ubavuni kabla nyuzi zake hazijachoka. Kanuni yake ina asili kwa Leonhard Euler, aliyeichapisha mwaka 1744: mzigo wa kubetuka unakwenda na ugumu wa umbo, na unagawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu. Mrunda wa mm 80, urefu wa mita 3, moduli N/mm² 8,000, unabetuka kwenye karibu kN 17.6 ukiwa umenyooka kabisa. Mirunda haijanyooka kabisa. Usiupe zaidi ya theluthi moja, kN 6 basi.

Ukiufunga katikati kwa mbao pande mbili, kaskazini–kusini na mashariki–magharibi, urefu unaobetuka unakuwa mita 1.5 na mzigo wa kinadharia unapanda mara 4, kN 70. Hapo mti wenyewe unakaribia kupondeka, kwa hiyo usiufuate mpaka huko, lakini faida ni kubwa kuliko ya kununua mirunda minene. Ukiufunga upande mmoja tu, utabetukia upande wa pili na umepoteza misumari.

Angalia na mambo mawili ya saiti. Mrunda ulioungwa kwa kipande na misumari miwili una bawaba pale kwenye kiungo. Na mrunda uliokaa kwenye udongo uliolowa unazama, mzigo wake unahamia kwa jirani. Weka kipande cha mbao nene chini ya kila mmoja, ukaze kwa kabari mbili zinazokutana. Wakati wa kumwaga pita ukizigonga, iliyolegea utaisikia.

Kwenye kenchi tumefundishwa kutafuta viungo (mbao za kenchi) visivyobeba kani yoyote. Fundi akiviacha si atakuwa ameokoa mbao?
*Mwanafunzi, Muheza*

Asiviache. Kani ni sifuri kwa mzigo ule uliouchora, si kwa kila mzigo.

Mabati na mbao za paa vina uzito mdogo, tuseme kN 0.3 kwa mita ya mraba. Upepo wa mita 30 kwa sekunde una shinikizo la 0.613 × 30² = N 552 kwa mita ya mraba, yaani kN 0.55, na juu ya paa la mteremko mdogo sehemu kubwa ya hiyo inanyonya kwenda juu. Paa linavutwa kuliko linavyokandamiza. Kani zinageuka: mbao ya chini ya kenchi, iliyokuwa ikivutwa, sasa inagandamizwa, na urefu wake wote hauna kitu cha kuuzuia ubavuni. Kiungo ulichokiita sifuri huenda ndicho kinachoikata mbao hiyo iwe vipande vifupi visivyobetuka kirahisi ndani ya uso wa kenchi.

Kanuni za kuvitambua ni mbili. Kifundo (pale viungo vinapokutana) kisicho na mzigo chenye viungo viwili visivyo kwenye mstari mmoja, vyote ni sifuri. Kifundo kisicho na mzigo chenye vitatu, viwili vikiwa kwenye mstari mmoja, cha tatu ni sifuri. Halafu hesabu: idadi ya viungo + 3 iwe sawa na vifundo × 2. Kenchi yenye viungo 13 na vifundo 8 inatimiza, 16 kwa 16. Ukiondoa kimoja inakuwa 15, na hapo si kenchi tena bali ni kitu kinachojikunja.

Kwa ubavu, unganisha mbao za chini za kenchi zote kwa mbao ndefu inayopita kutoka kenchi ya kwanza mpaka ya mwisho, na ncha zake zifungwe kwenye kuta za gebo. Na kila kenchi ishikwe kwenye lenta kwa nondo ya mm 8 iliyozamishwa ndani ya zege siku ya kumwaga, ipande, ipinde juu ya mbao na kupigwa misumari. Waya wa kufungia nondo haufai kwa kazi hiyo.